Kugeuza sketi ya zamani iwe rinda: amua kwanza litafungukia wapi

SindanoYaUmoja

Mlioniuliza kuhusu lile rinda (gauni) la kijani, haya, nimepata nafasi nieleze vizuri.

Lilikuwa sketi ya mama. Gabardini ya kijani cha chupa, vipande sita, inapanuka kuelekea chini, zipu ya kando upande wa kushoto, na pindo limeshonwa kwa mkono na fundi aliyeijua kazi yake. Aliivaa kanisani miaka ya tisini, kisha ikawekwa sandukuni. Rangi haijafifia hata kidogo. Shida ilikuwa kiuno: sketi ina sentimita 72, mimi nina 84. Kuivaa hivyo haiwezekani, na kuitupa siwezi.

Niseme jambo kubwa mapema. Watu wengi wakipata sketi kama hii wanaanza kwa kuifumua yote. Wanabaki na vipande sita vyembamba juu na vipana chini, na hakuna rinda linalokatika hapo. Msifumue! Pindo liko sawa, vipande vimeungana, na namna kitambaa kinavyoanguka imeshapatikana. Hiyo ndiyo kazi ngumu, na kuna mtu aliimaliza zamani. Kazi yako wewe iko kiunoni kwenda juu.

Na kabla mkasi haujagusa kitu, swali la kwanza si shingo itakuwa ya namna gani wala mikono itakuwa mirefu au mifupi. Swali ni mwili utaingilia wapi. Sketi inapita nyonga tu. Rinda lazima lipite mabega na kifua, halafu lije likamate kiuno. Zipu ya sketi ina sentimita 18 au 20, na hiyo haitoshi kabisa. Nimewaona wenzangu wakishona sehemu ya juu nzuri ajabu, wanaunganisha, wanajaribu kuvaa, nguo inakwama mabegani. Wanaingiza zipu kwa lazima mahali ambapo haikupangiwa, na mshono wote unavutika.

Mimi niliamua zipu ibaki kando, kushoto, palepale ilipokuwa. Nilipima kiuno changu nikaongeza sentimita 2 za kupumua, nikahitaji 86. Sasa, sketi inayopanuka ina faida moja kubwa: ukishuka chini ya kiuno chake, inakuwa pana yenyewe. Nilipitisha tepu kuizunguka sketi, nikawa nashuka kidogo kidogo mpaka nikaipata 86. Ilikuwa sentimita 11 chini ya mshono wa kiuno. Hapo nikachora kwa chaki mstari wa kushonea. Mstari wa kukata nikauchora sentimita 1 na nusu juu yake, kwa ajili ya mshono.

Sketi ilikuwa na urefu wa sentimita 78. Ukiondoa 11 zinabaki 67, na kwangu hiyo inafika chini kidogo ya goti.

Kile kipande kilichotoka juu sikukitupa. Nilitoa ukanda wa kiuno, nikafumua kipande hicho peke yake, na vitambaa vyake vikawa ukingo wa mikono na ukanda mwembamba wa shingoni. Sehemu ya juu niliikata kwa kitenge chenye kijani hichohicho ndani ya maua. Jicho likiona rangi ya sketi shingoni na mikononi, linaamini nguo ilizaliwa hivyo. Ukiweka kitenge juu na gabardini chini bila kitu cha kuziunganisha, itaonekana ni blausi na sketi zilizogongana.

Patani ya juu niliitoa kwenye blausi yangu ninayoipenda, ya kitambaa kisichovutika. Niliilaza juu ya gazeti, nikachora nusu ya mbele na nusu ya nyuma, nikaongeza mshono. Kitenge nilikifua kwanza na kukipiga pasi, kwa sababu pamba hupungua ikikutana na maji, na kiuno kikipungua baada ya kushonwa utalia.

Zipu mpya ni ya sentimita 35. Inaanzia sentimita 4 chini ya kwapa, inapita kiunoni, inashuka 17 ndani ya sketi. Tundu la zipu ya zamani lilikuwa limebakiza sentimita 7, kwa hiyo nilifumua 10 nyingine tu.

Ulizeni mnachotaka.

---

Mama_Kasarani

Asante sana dada kwa maelezo haya. Swali langu ni moja. Umepima sentimita 11 kutoka kiunoni kushuka. Mimi nilifundishwa kupima kutoka kwenye pindo kupanda juu, ili urefu uwe sawa pande zote. Kwa nini hukufanya hivyo?

---

FundiWaGikomba

Mama, naomba nijibu hilo kwa niaba ya dada, maana naliona kila wiki mezani kwangu.

Laza sketi yako mezani utazame mshono wa kiuno. Haujanyooka. Kandoni umepanda, katikati umeshuka, na mara nyingi nyuma umeshuka zaidi ya mbele. Fundi wa kwanza aliukata hivyo kwa sababu nyonga hunyanyua kitambaa. Ule mkunjo wa kiuno ndio unaofanya pindo lionekane limenyooka ukiwa umesimama. Ukipima kutoka chini na kuchora mstari ulionyooka, umeufuta mkunjo huo. Mezani nguo itapendeza. Mwilini, kandoni itapanda na mbele italegea.

Kwa hiyo fuata mshono wa zamani. Weka rula kila sentimita 4 au 5 ukizunguka sketi, shuka kipimo kilekile, weka nukta, unganisha nukta. Mkunjo unahama nao wote.

Ila kuna onyo kwa wenye sketi za duara. Sketi ya duara kamili ukishuka sentimita 1, kiuno kinaongezeka sentimita 6 na ushei. Nusu duara kinaongezeka 3 na ushei. Maana yake, mtu anayetaka kuongeza sentimita 12 kwenye duara kamili anashuka sentimita 2 hivi, basi. Na hapa ndipo wengi huumia: wanakata palepale penye kipimo chao, halafu wanashona sentimita 1 na nusu chini yake. Hiyo 1 na nusu peke yake imekuongezea sentimita 9 za kiuno. Kata juu ya mstari wa mshono, kama dada alivyofanya. Ukiwa na wasiwasi kata juu zaidi. Kitambaa kilichobaki unaweza kukipunguza tena, kilichokatwa hakirudi.

---

Bint_SouthC

Assalam aleikum. Mimi zipu naziogopa, niseme ukweli wangu. Je, siwezi kuweka lastiki kiunoni nikapitisha gauni kichwani?

---

SindanoYaUmoja

Waaleikum salaam dada. Unaweza, lakini kiuno cha kitambaa lazima kiwe kipana kupita sehemu yako iliyo pana zaidi, mabega au kifua, halafu lastiki ndiyo ikivute. Kwa hiyo utashuka zaidi kwenye sketi, na gauni litakuwa fupi zaidi. Kama sketi ni ndefu hadi kwenye kifundo cha mguu, fanya bila wasiwasi. Kama ni ya magotini tangu mwanzo, utaishiwa na urefu.

Halafu tazama uzito wa kitambaa. Viskosi na pamba nyepesi hupendeza zikivutwa na lastiki. Gabardini nzito ikivutwa inafanya donge kiunoni pande zote.

---

Kijana_Cherehani

Mimi ni mwanamume na ninashona, nimekuwa nikimshonea mke wangu. Kwa wanaoogopa zipu kuna njia nyingine ninayoipenda sana: shati la kiume.

Chukua shati zuri ambalo kola imechakaa au mwenyewe amelikinai. Tayari lina vifungo mbele kuanzia shingoni. Lina mikono, lina kola, lina mfuko. Ulivaapo unaingia kwa mbele, mambo ya kupitisha kichwani yamekwisha. Likate kiunoni, punguza kandoni kwa sababu mashati ya kiume ni mapana, kisha lishonee sketi. Kitu pekee cha kukumbuka ni kwamba vifungo vikiishia kiunoni kabisa bado utakwama. Fungua katikati ya mbele ya sketi kama sentimita 15, uweke ukingo na vibanio viwili vya ndani, au panga mshono wa sketi uje mbele uutumie huo.

Shati la kiume hufunga kushoto juu ya kulia, la kike kulia juu ya kushoto. Wateja wengine hulitazama hilo, wengine hawalioni. Mke wangu halimsumbui.

---

Shangazi_Rongai

Hongera mwanangu, kumshonea mkeo ni jambo la heshima.

Mimi nataka kuzungumzia vitambaa maana naona vijana wanakata kabla ya kujua walichoshika. Sketi nyingi za kina mama wa rika langu ni za poliesta. Zile za marinda membamba, yaani mikunjo ya kitambaa, si magauni, tulizovaa harusini na kanisani, marinda yake yalipigwa kwa joto kiwandani, ndiyo maana hukai ukiyapiga pasi kila Jumapili. Ukiweka pasi ya moto wa pamba juu yake, kitambaa kinang'aa vibaya au kinayeyuka. Na ukiyanyoosha marinda, kuyarudisha nyumbani yakae kama zamani ni shida kubwa.

Kujua kitambaa ni rahisi. Chomoa nyuzi chache ndani ya mshono, zishike kwa kibanio juu ya sinki, uziwashe. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Ikiwa ni mchanganyiko utaona vyote viwili.

Na kwa marinda hayo: kabla hujakata ukanda wa kiuno, piga kwanza mshono mmoja wa mashine kuyavuka marinda yote, chini kidogo ya pale utakapokata. Ukikata bila mshono huo, marinda yanafunguka mkononi mwako na hutayapanga tena yalivyokuwa.

---

Mama_Kasarani

Shangazi, ubarikiwe. Ninayo hasa sketi ya aina hiyo, ya rangi ya divai. Nitapitisha mshono kwanza.

---

Mwanafunzi_Juja

Mimi niko hosteli, sina cherehani. Nina sketi ndefu ya pamba yenye lastiki niliyoinunua soko la Toi. Naweza kuishona kwa mkono ikawa rinda, au nijitafutie tu fundi?

---

SindanoYaUmoja

Sketi yako ndiyo rahisi kuliko zote tulizozungumzia, mdogo wangu. Ipandishe hadi juu ya kifua, tazama kwenye kioo inafika wapi. Ikiwa bado inafunika magoti, una rinda la jua tayari; linataka mikanda ya mabega tu. Mikanda ipime ukiwa umeivaa, kutoka mbele hadi nyuma, na mtu akushikie pini. Mabega ya watu hayafanani, hata bega la kushoto na la kulia la mtu mmoja huwa tofauti.

Lastiki ya zamani ivute uone kama inarudi. Ikiwa imelegea ibadilishe, kwa sababu sasa inabeba nguo nzima, na kifua hakina nyonga ya kuizuia isishuke. Ukitaka kiuno kionekane, funga mkanda wa kitambaa juu yake.

Kwa mkono shona mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, unarudi nyuma hatua moja, unatoka mbele hatua mbili. Mishono iwe midogo, uzi uwe wa poliesta. Mshono huo ni imara; ndivyo nguo zilivyoshonwa kabla mashine hazijakuwepo. Huhitaji fundi kwa kazi hii.

---

Mkazi_wa_Donholm

Naheshimu mawazo ya wote, lakini mimi naona muda unaopotea hapa ni mwingi. Gikomba utapata rinda zima la mtumba, zuri, ukilifua unalivaa kesho yake. Kwa nini mtu ahangaike na sketi ya zamani?

---

FundiWaGikomba

Kaka, mimi mkate wangu unatoka Gikomba, siwezi kuisema vibaya. Lakini nguo ya kamera (mtumba wa daraja la kwanza) unayoipata hapa imekatwa kwa mwili wa mtu wa mbali. Nusu ya wateja wangu wameshanunua rinda lao zuri na wananiletea nilipunguze kiuno, niteremshe mabega, niongeze kifua. Mwishowe wamelipa mara mbili.

Na kuna jambo jingine. Mwaka 2020 uingizaji wa mitumba uliposimamishwa kwa miezi kadhaa kwa ajili ya corona, beli zilikauka hapa sokoni. Wateja wakaanza kuniletea nguo zao wenyewe kutoka kabatini: sketi, suti za wazazi, mapazia. Nilishangaa ubora wa vitambaa vilivyokuwa vimelala majumbani. Gabardini kama ya dada ukiitafuta leo dukani, utazunguka mtaa mzima wa Biashara, na ukiipata utaulizwa pesa nzuri. Yeye alikuwa nayo sandukuni.

---

SindanoYaUmoja

Kaka wa Donholm, nakuelewa, na mitumba mimi pia ninanunua. Ila hii sketi ni ya mama yangu. Nilipomtumia picha alinipigia simu akaniambia aliinunulia kitambaa kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu. Hilo sikulijua. Rinda lenye habari hiyo ndani yake haliko sokoni.

Nilisahau jambo moja la muhimu, na kwa kuwa tumetaja gabardini nzito niliseme. Sketi nzito ikining'inia kwenye sehemu ya juu nyepesi, inaivuta. Baada ya kuvaa mara chache kiuno kinateremka, na dati za kifuani (mikunjo iliyoshonwa kuipa nguo umbo la kifua) zinakaa mahali pasipo pake. Dawa yake ni utepe wa pamba usiovutika. Kata urefu sawa na kiuno cha rinda, ushone ndani juu ya mshono wa kiuno ukizunguka, kuanzia upande mmoja wa zipu hadi upande wa pili. Uzito unabebwa na utepe, na kitenge kinapumzika. Hauonekani kwa nje.

Kabla ya kuunganisha, gawanya kiuno cha sketi mara nne na kiuno cha sehemu ya juu mara nne: kando mbili, katikati mbele, katikati nyuma. Bandika pini kwenye nukta hizo nne kwanza, kisha katikati yake. Ukianza upande mmoja na kuvuta mpaka mwisho, kitambaa kitazidi upande wa pili na utalazimika kukikunja. Mimi hupiga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono, navaa, naketi kwenye kiti, nainua mikono, ndipo naenda kwenye mashine. Kuketi ni lazima. Nguo inayokaa vizuri ukiwa umesimama inaweza kukubana tumboni ukiwa kwenye matatu hadi mjini.

---

Nesi_wa_Zamu

Mimi ninanyonyesha, na marinda yote yenye zipu ya kando au ya mgongoni yamenishinda. Hiyo ya shati la kiume ndiyo imenifaa. Kijana_Cherehani, je, naweza kutumia sketi ya jinzi chini? Ninayo moja ndefu, nzima kabisa, ila sasa hainifungi.

---

Kijana_Cherehani

Ndiyo dada, na hongera kwa mtoto. Jinzi na shati la pamba hukaa pamoja vizuri. Mambo machache tu.

Sketi nyingi za jinzi zimenyooka, hazipanuki, kwa hiyo ukishuka chini ya kiuno huongezi sana. Ipime kwanza nyongani. Ikiwa pale inakutosha, ikate hapo, rinda lako litakuwa na kiuno kilichoshuka kidogo, na shati ulikate refu kiasi hicho. Kwa mama aliyejifungua juzi kiuno kilichoshuka kina raha, hakibani tumbo. Ikiwa hata nyongani haitoshi, fumua mishono miwili ya kando uingize kipande chembamba cha kitambaa cha shati kila upande, kuanzia juu hadi chini. Kitaonekana kama pambo.

Sindano weka namba 100. Ile ya 80 ya pamba ikikutana na mshono wa jinzi uliokunjwa mara nne itavunjika, na kipande kinaweza kuruka usoni. Penye mikunjo minene zungusha gurudumu kwa mkono, usikanyage. Punguza unene kabla ya kuunganisha: pale mishono ya kando ya jinzi inapofika kiunoni, kata kitambaa cha ndani cha ziada.

Vifungo vya shati viongeze kimoja kifuani, katikati ya viwili vilivyopo. Vifungo vya mashati ya kiume huachana sana hapo, na kwa mama anayenyonyesha panaachama.

---

Bint_SouthC

Nimeangalia sketi yangu dirishani kama mwanga unapita. Nyuma, pale pa kuketia, kitambaa kimekuwa chembamba sana. Kingine chote ni kizima. Ndiyo basi?

---

FundiWaGikomba

Shika sehemu hiyo kwa vidole gumba viwili, ivute kidogo kwa upana. Nyuzi zikiachana au ukisikia mlio wa kuchanika, kitambaa hicho hakitabeba mshono, usipoteze uzi wako. Ikivutika na kurudi bila kuachana, tia bitana nyuma, kipande kipana cha pamba nyepesi kutoka kiunoni hadi chini ya makalio, ukishike kwenye mishono ya kando.

Na kama imechanika, lakini sketi ni ya duara au ya vipande, usiitupe. Pale palipochakaa kata ukaondoe, kwa sababu sketi pana ina kitambaa cha kutosha kutoa kipande kimoja na bado ikazunguka. Ya vipande sita inaweza kuishi na vitano. Kiuno kitapungua, kwa hiyo ushuke zaidi kabla ya kukata. Lete vipimo vyako hapa: kiuno chako, kiuno cha sketi, na urefu. Nitakupigia hesabu.

---

Bint_SouthC

Kiuno changu 78. Sketi ni nusu duara, kiuno chake 70, urefu 90. Pembeni haina mshono wowote, mshono ni mmoja tu nyuma, wenye zipu, na kuchakaa kuko kandokando ya mshono huo.

---

FundiWaGikomba

Vizuri sana, kumekaa mahali pazuri. Kata ukanda mwembamba pande zote mbili za mshono wa nyuma, tuseme sentimita 5 kila upande, kuanzia juu hadi chini. Kiuno cha 70 kimebaki 60, na mshono mpya unakula 1 na nusu kila upande, yaani 3, imebaki 57. Unahitaji 80 pamoja na nafasi ya kupumua. Pengo ni 23. Nusu duara inakupa 3 kwa kila sentimita unayoshuka, kwa hiyo shuka kama 7 na nusu, kata kwenye 6. Urefu utabaki 82 na nusu, bado ni gauni refu la heshima. Na zipu usiogope, kwa sababu mshono wa nyuma umeshaufungua wote: weka ya sentimita 55, ianzie shingoni. Kuishona kwenye mshono ulionyooka wa mgongoni ni rahisi kuliko ya kando. Ibandike kwa mkono kwanza.

---

Bint_SouthC

Alhamdulillah. Natoka kwenda kutafuta zipu.